Pete Kwenye Friji

Nilifungua friji kutafuta maziwa, nikakuta pete ya uchumba ya dada yangu imezama ndani ya kikombe cha maji, kati ya mayai na nusu kabichi. Nikafunga friji. Nikafungua tena, maana macho hudanganya, na mimi nauza miwani, nalijua hilo vizuri. Pete ilikuwa palepale. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi.

"Nani ameweka..."

"Siyo mimi," akasema Mama, hata hajageuka kutoka kwenye sinki.

"Wala mimi," akasema Shangazi kutoka sebuleni.

"Sijamaliza swali."

"Hata ukimaliza," akasema Shangazi, "siyo mimi."

Naomba mnielewe. Hiyo pete ilitakiwa iwe kwenye droo yangu, ndani ya kasha la miwani, imefungwa kwa kitambaa kikavu. Niliiweka mwenyewe Jumatatu. Niliwakusanya wote, nikawaambia kwa Kiswahili chepesi kabisa: msiiguse, msiilowanishe, msiiombee, iacheni ikauke. Wakaitikia kwa vichwa kama watoto wa chekechea. Kumbe kila asubuhi nikishatoka kwenda kazini, pete nayo inatoka kwenda kuogeshwa.

Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo mtadhani kwetu ni hospitali ya wagonjwa wa akili.

Dada yangu ni mfamasia. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kazini kwake ukienda kumwambia umepaka dawa ya meno kwenye jeraha la moto, au umegawana vidonge na jirani kwa sababu mnaumwa "kitu kilekile", anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anakuweka sawa kwa sauti ya upole mpaka unatamani ardhi ipasuke. Huyo ndiye dada yangu, ana digrii na koti jeupe. Na huyohuyo ndiye aliyekaa kitandani kwangu wiki ile akaniambia, bila hata kucheka, kwamba jiwe limemwambia asiolewe.

Mchumba wake ni fundi wa lifti. Yeye hupanda juu ya kibanda cha lifti kwenye majengo marefu, anafanya kazi na tochi mdomoni, akishuka ana grisi mpaka nyuma ya masikio. Mimi namwita Shemeji Lifti, yeye ananiita Shemeji Miwani. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za kazi anakujibu, "Zinapanda, zinashuka," na hapo mazungumzo yameisha.

Siku moja walipita dirishani kwa sonara, Dada akasema almasi zote kwake ni vipande vya kioo, ila lile jiwe la pembeni, opali, lile lenye moto wa kijani na chungwa ndani yake kama mtu amefungia machweo kwenye tone la maziwa, hilo ndilo jiwe. Alisema tu, wakapita. Baada ya muda Shemeji akanipigia simu, akaniomba nimwibie pete moja ya zamani ya Dada apate kipimo cha kidole. Nikaiba kwa furaha kubwa. Nikajua mambo yamekaribia, nikaanza hata kuangalia mitindo ya magauni.

Halafu Shemeji akapotea.

Siyo kupotea kabisa. Alikuwa anapiga simu, lakini kuja haji. Mara ana mafua, mara lifti ya hospitali imekwama, mara mwenzake amechukua likizo. Mimi nikiwa nimebeba siri ya pete tumboni kama mimba, na Dada pembeni anakunja uso kila siku zaidi.

"Yule wa kwanza alianza hivihivi," akaniambia.

Yule wa kwanza hatumtaji jina nyumbani kwetu. Alikuja, akakaa kwenye kochi letu, akala keki ya Mama, akatuita sote familia yake. Halafu akaanza mafua. Mafua yakawa safari, safari zikawa ukimya, na Dada akaja kujua yameisha alipoona picha za harusi ya mtu, akashangaa mbona bwana harusi anamfahamu. Kilichomtesa baadaye, kuliko hata kuachwa, ni kwamba dalili zilikuwepo na yeye hakuziona. Tangu hapo Dada anatafuta dalili. Mtu akichelewa ni dalili, akiwahi ni dalili.

Basi mwisho Shemeji alikuja. Alikuwa amenyoa, amekwangua grisi mpaka masikio mekundu. Akatoa kiboksi pale mezani mbele yetu sote, akasema, "Nimechelewa. Nisamehe. Utakubali?" Hotuba yote ilikuwa hiyo. Dada akalia, mimi nikalia, Mama akalia akiwa ameshika sahani. Jiwe lilikuwa linawaka jamani. Akigeuza mkono huku linakuwa kijani, akigeuza huku linakuwa moto wa jiko.

Furaha yetu ilidumu kwa muda wa kunywa chai.

"Hiyo ni opali?" akauliza Shangazi, Shemeji alipokwisha kuondoka.

Shangazi ni dada yake Baba. Anashona mapazia. Alihamia kwetu na cherehani yake "kwa muda tu", na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeona sakafu ya sebule yetu, maana kila siku kuna mapazia ya watu yametandazwa pale.

"Ndiyo, opali," akasema Dada.

"Na wewe ulizaliwa mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Opali ni ya waliozaliwa mwezi wa kumi. Wengine inawageuka. Niliwahi kumshonea mapazia mama mmoja, kidoleni ana opali kubwa kama punje ya mahindi. Mapazia hayajapauka, mume kaondoka."

"Labda hakuyapenda mapazia," akasema Mama.

"Wifi, mimi sichezi."

"Hata mimi wifi sichezi. Yale ya rangi ya ugoro? Hata mimi ningeondoka."

Lakini Dada alikuwa ameshaanza kuitazama pete kwa jicho lingine. Shangazi akamwambia dawa ipo, ni ndogo tu: ilazwe kwenye maji ya chumvi mpaka asubuhi, itoke na mkosi wake. Na yule mfamasia, yule wa digrii, akasema, "Sawa, kwani kuna ubaya gani, chumvi ni chumvi tu."

Asubuhi ndani ya kikombe kulikuwa na pete yenye kioo. Moto wote umezimika, hakuna kijani wala chungwa, ukilitazama jiwe unaona kidole chako upande wa pili.

Mimi nilimwona Dada alivyoishika. Aliigeuza huku na huku chini ya taa ya jikoni, kama mtu anayemtingisha mgonjwa aamke.

"Nilijua," akasema Shangazi taratibu. "Opali huzimika pale aliyeitoa hana moyo safi."

"Wewe ndiye uliyeizima na chumvi yako," nikamwambia.

"We mtoto, chumvi haizimi kitu. Chumvi inafichua."

Mama naye akaingia na lake. Mama anafundisha hesabu sekondari, mtu wa kuthibitisha kila kitu kwa hatua, lakini alikuwa ameona kipindi kwenye televisheni kwamba opali ndani yake ina maji, kwa hiyo ikikosa maji inakufa. "Ina kiu hiyo," akasema. "Ipeni maji yasiyo na chumvi." Baba angeweza kutuliza mambo, lakini Baba alikuwa safarini, kama kawaida yake mambo yakichacha.

Nikaingia mtandaoni. Nako ni vurugu tupu. Huyu anasema ifute kwa kitambaa chenye unyevu tu, yule anasema iloweke isipasuke, mwingine anasema ukiiloweka umeiua. Sabuni kali hapana, jua hapana, joto la jiko hapana, mafuta eti yanang'arisha, mafuta eti yanaharibu moja kwa moja. Ila mmoja alisema zipo opali zinazokunywa maji kama sifongo, zikinywa zinapoteza rangi, zikikauka zenyewe polepole zinarudi. Nikaona hapo angalau kuna akili. Ndipo nikaweka sheria zangu za Jumatatu, droo na kitambaa kikavu. Na Dada akasema sawa, tusubiri. Wazazi wa Shemeji walikuwa wanakuja Jumapili kutambulishwa rasmi.

"Ikirudi kabla ya Jumapili, nitajua," akasema.

"Utajua nini?"

"Nitajua tu."

"Na isiporudi?"

Akanitazama. "Sitakaa tena kwenye kochi lile nisubiri mtu apone mafua."

Kila jioni nikafungua droo, kila jioni ni kioo. Jumanne kioo, Alhamisi kioo. Nikaanza hata mimi kuogopa, nawaambia ukweli. Mpaka Ijumaa hiyo niliporudi mapema kutoka kazini nikatafuta maziwa.

Nikatoka na kikombe mpaka sebuleni, nikasimama kwenye kipande kidogo cha sakafu kilichobaki kati ya mapazia.

"Nataka ukweli."

Shangazi akaikazania cherehani kama anakimbizwa.

"Mimi nilikuwa naipa kijiko kimoja tu," akasema Mama hatimaye kutoka mlangoni. "Asubuhi. Halafu naifuta, naifunga vizuri na kitambaa chako."

"Kijiko kimoja?"

"Au viwili. Ilikuwa inaonekana imechoka."

"Na chumvi?"

Cherehani ikasimama. "Mimi sikujua kama wifi anainywesha," akasema Shangazi. "Ningejua, nisingeweka maji mengi."

"Na kwenye friji kwa nini?"

"Baridi inavuta mkosi."

"Inavuta nyanya zisioze, Shangazi. Baridi haivuti kitu kingine."

Na kando ya cherehani, jamani, niliona chupa ya mafuta ya mtoto, imefunguliwa, ina pamba juu yake. Sikuuliza. Niliichukua nikaenda kuificha ndani ya kiatu changu.

Nilimpigia Dada mchana huohuo nikamweleza yote: haikukauka hata siku moja, imekuwa inaoga kila asubuhi, hakuna jiwe lililosema kitu chochote. Nilidhani atacheka. Badala yake nikasikia mtu kwenye kaunta anauliza bei ya sharubati ya kikohozi.

"Nimeshamwita," akasema. "Anakuja kesho saa kumi. Namrudishia."

"Dada, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Mdogo wangu, siku zote huwa kuna maelezo. Hata yule alikuwa na maelezo kwa kila kitu, tena mazuri. Sitaki tena maelezo."

Hapo ndipo niliposhindwa. Unaweza kubishana na chumvi. Kubishana na hilo siwezi.

Jumamosi saa kumi Shemeji Lifti akagonga. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, grisi shingoni, akavua viatu mlangoni kwa adabu yake. Sebule imejaa mapazia ya hoteli moja, marefu kama barabara. Akatafuta pa kukanyaga, akapata pa mguu mmoja, akabaki hapo kama korongo. Dada alikuwa amekaa upande wa pili. Shangazi alijitia anatunga uzi kwenye sindano. Mama alikuwa anafuta meza isiyo na kitu. Mimi niliambiwa mara mbili nitoke, sikutoka.

"Karibu," akasema Dada.

"Asante. Nije huko?"

"Usikanyage kitambaa," akasema Shangazi.

Dada akanyoosha mkono juu ya mapazia, akampa kiboksi. "Fungua."

Shemeji akafungua. Mimi nilikuwa nimekaza macho usoni kwake, na nitawaambia nilichokiona, maana mpaka leo nakifikiria. Sikuona hofu, sikuona hatia. Mabega yalishuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Ah," akasema. "Mmeilowesha."

Mama akaacha kufuta meza.

"Umejuaje?" akauliza Dada.

Shemeji akabadilisha mguu. Masikio yalianza kuwa mekundu, na safari hii hakuyakwangua.

"Maana hata mimi niliilowesha," akasema.

Sindano ikamponyoka Shangazi.

"Niliichukua kwa sonara nikaenda nayo kazini. Nilikuwa nije kwako jioni hiyohiyo. Nikawa naitoa, naitazama, naitoa tena, mikono ina grisi. Ikachafuka. Nikaitia kwenye kopo la maji ya sabuni nikaendelea na kazi. Nilipoitoa ilikuwa hivi." Akakielekeza kiboksi kwetu. "Nikajua nimeiua. Pete hujaiona bado, nimeshaiua."

"Ukafanya nini?" akauliza Mama.

"Sikuwa na la kufanya. Nikaiweka kwenye boksi la zana, kwenye kitambaa, nikawa naichungulia kila nikipanda juu ya lifti. Nikiwa kule peke yangu. Siku nyingi hakuna kitu. Halafu asubuhi moja nikamulika tochi nikaona kijani kidogo pembeni."

Dada alikuwa amesimama. "Hayo ndiyo yalikuwa mafua?"

"Ndiyo."

"Na lifti ya hospitali?"

"Ile ilikwama kweli," akasema. "Lakini ilichukua saa moja tu."

"Kwa hiyo mimi nimekaa hapa," akasema Dada, na sauti yake ilikuwa ile ya kaunta, ile ya upole, "nimekaa hapa nikihesabu kila uongo wako, nikijua unaondoka kama yule, kumbe wewe uko juu ya lifti unachungulia jiwe."

"Niliona aibu. Mtu ananiambia jambo moja tu analolipenda duniani, nami naliharibu kabla ya kulifikisha."

"Ungeniambia."

"Ndiyo," akasema Shemeji. Halafu akatazama kiboksi, akamtazama yeye. "Na hili? Liko hivi tangu lini?"

Dada akatazama mapazia.

"Ulitaka kunirudishia," akasema taratibu. Alikuwa ameelewa sasa hivi tu, nikaona uso wake unabadilika. "Kwa sababu ya hili?"

"Ungeniambia na wewe," akaongeza Shemeji.

Nikamtazama dada yangu. Mwanamke mwenye digrii, amesimama na soksi ukingoni mwa mapazia ya hoteli, machozi yanamlengalenga na kicheko kinamtoka puani kwa wakati mmoja. Halafu akakanyaga. Akapita katikati ya kitambaa cheupe cha watu, hatua kwa hatua, Shangazi akitoa sauti kama mtu anayeng'olewa jino, akafika kwa fundi wake, akatoa pete kwenye kiboksi akaivaa mwenyewe.

"Haijarudi bado," akasema Shemeji.

"Nimeona."

"Kesho mama yangu ataitazama."

"Aitazame. Na wewe, siku nyingine ukiharibu kitu, njoo nacho kikiwa kimeharibika."

"Nitakuja nacho," akasema, akamshika mkono, na hapo hapo alama tano za grisi zikabaki kwenye mkono wa blauzi yake na mbili kwenye pazia.

Jumapili wakaja wazazi wake. Mama wa Shemeji akachukua mkono wa Dada, akavaa miwani yake (fremu nzuri, ila imemkaa vibaya puani, nitamrekebishia), akalitazama lile jiwe tupu kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa ameshika biskuti hewani.

"Zuri," akasema yule mama. "Kama tone la maji."

Biskuti ikamwendea Shangazi njia mbaya, Mama akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Shemeji akatazama dari.

Sasa habari yenyewe ninayotaka kuwapa ni ya jana. Jana Dada alikuwa anampa mzee mmoja dawa zake za presha, mzee akamwambia, "Binti, pete yako inawaka." Akanipigia palepale. Mimi nilikuwa namjaribisha mteja fremu, nikapiga kelele ya furaha, mteja akadhani miwani imempendeza kiasi hicho, akaichukua bila kujaribu nyingine.

Nikafika nyumbani nikidhani tutashangilia. Nikawakuta wawili jikoni, kila mmoja mikono kiunoni.

"Ni ile chumvi," anasema Shangazi. "Imechelewa tu kufanya kazi."

"Wifi, jiwe lilikuwa na kiu, likanywa, likashiba," anasema Mama. "Ni hesabu rahisi."

"Imerudi kwa sababu mliiacha," nikasema. "Hamkufanya kitu. Kwa mara ya kwanza hamkufanya kitu, ikapona."

Walinitazama wote wawili kwa huruma, kama wanamtazama mtu aliyesoma sana mpaka akapitiliza. Na Mama mkono wake mmoja, nawaapia, ulikuwa umeshashika kijiko.

Leo asubuhi Dada ameleta kibandiko kutoka kazini, vile wanavyobandika kwenye chupa za dawa, amekipiga chapa vizuri, amekibandika juu ya kiboksi. Shangazi amekiinua karibu na dirisha akakisoma kwa sauti.

"Usitie majini. Usipake mafuta. Usiweke kwenye friji. Weka mbali na shangazi."

Akakirudisha mezani.

"Na mama yenu je," akasema, "yeye mbona hayumo?"